Vipindi vikali au mwendo wa wastani: Njia ipi impunguzie mcharuko mwanamume mwenye kitambi?

Karatasi ya majibu ya maabara huwa fupi: jina la kipimo, tarakimu moja, na kando yake kiwango kinachotarajiwa. Mwanamume wa miaka 45, mwenye kilo 86 na kimo cha sentimita 172, anayejiona mzima kabisa, anaweza kusoma pale kwamba CRP yake, protini ya damu inayoonyesha mcharuko mwilini, ni miligramu 4 kwa lita. Wataalamu wa moyo huhesabu chini ya 1 kuwa hatari ndogo, kati ya 1 na 3 kuwa hatari ya wastani, na zaidi ya 3 kuwa hatari kubwa. Hana homa, hana kidonda, hakohoi. Anaambiwa afanye mazoezi, naye akianza kuuliza anakutana na ushauri wa aina mbili unaovutana. Wa kwanza unamwambia atembee kwa haraka au aendeshe baiskeli kwa nusu saa au zaidi, siku nyingi za wiki, bila kujiumiza. Wa pili unamwambia asipoteze muda, ajibane kwa dakika chache za nguvu nyingi, apumzike, ajibane tena, na amalize. Njia hii ya pili ndiyo ya vipindi vikali, ambayo kwenye jimu wengi wanaijua kwa herufi HIIT.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema, kwa sababu mtu anayetaka kuchagua hapaswi kuzungushwa. Kwa mcharuko peke yake, ushahidi uliopo haumpi mshindi dhahiri kati ya njia hizi mbili. Kinachoshusha mcharuko kwa kiasi kikubwa ni kitambi kupungua na mazoezi kuendelea kwa miezi. Zinakotofautiana kweli ni kwenye muda, kwenye uwezo wa moyo na mapafu, na kwenye mzigo zinaoutwika magoti na moyo wa mtu mzito, na hayo ndiyo yanayopaswa kuamua.

Mcharuko usio na homa

Mcharuko, ambao madaktari huuita pia inflamesheni, ni kazi halali ya mwili. Ukijikata kidole, sehemu ile huvimba, huwa nyekundu, hupata joto na kuuma, kwa kuwa chembe za kinga zimekimbilia pale. Baada ya siku chache kazi inakwisha na kidole kinatulia. Mcharuko tunaouzungumzia hapa ni wa kiwango cha chini, hauumi, na haukomi. Chanzo chake kikubwa kwa mwanamume mnene ni mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo na ini, kuliko yale laini ya chini ya ngozi ambayo mtu huweza kuyafinya kwa vidole. Wanaume huelekea kuhifadhi mafuta mahali hapo kuliko wanawake ambao hawajafikia ukomo wa hedhi, na ndiyo maana mwanamume anaweza kuwa na mikono na miguu ya kawaida huku mkanda wa suruali ukilazimika kufungwa chini ya kitambi.

Kwa miaka mingi mafuta yalidhaniwa kuwa ghala tu la nishati. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman miongoni mwao, walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF-alfa, kemikali ya mcharuko, na kwamba kuizuia kemikali hiyo kuliisaidia insulini kufanya kazi vizuri zaidi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2003, ilionekana kwamba mafuta ya mtu mnene huvamiwa na makrofaji, yaani chembe za kinga zinazomeza mabaki na vijidudu, na kwamba chembe hizo ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya kemikali hizo. Damu inayotoka kwenye mafuta ya tumbo huingia moja kwa moja kwenye ini, ikibeba kemikali nyingine iitwayo intaleukini-6, nalo ini hujibu kwa kutengeneza CRP. Protini hii ilitambuliwa mwaka 1930 na William Tillett na Thomas Francis huko New York, katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Leo kipimo chake chenye usikivu mkubwa kinatumika kunusa moto mdogo usioonekana.

Kwamba moto huo una madhara, si dhana tu. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao CANTOS, uliofanywa kwa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo na ambao CRP yao ilikuwa imepanda. Waliopewa dawa ya kuzuia kemikali moja ya mcharuko, kwa kipimo cha miligramu 150, walipata mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa kiwango cha chini kwa asilimia 15 kuliko waliopewa dawa isiyo na kitu, ingawa lehemu yao haikushushwa na dawa hiyo. Dawa hiyo ni ghali na huongeza hatari ya maambukizi makali, kwa hiyo haikuwa suluhisho kwa watu wa kawaida. Mazoezi ndiyo yaliyobaki mezani kwa kila mtu, na hapo ndipo swali letu linapopata uzito.

Njia zenyewe zikoje

Mazoezi ya wastani hayahitaji maelezo marefu. Mtu anatembea kwa haraka, anaendesha baiskeli, anaogelea au anakimbia mchakamchaka wa pole pole, kwa kasi ambayo anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Kwa kutumia hesabu ya kawaida ya 220 kutoa umri, mwanamume wetu wa miaka 45 ana mapigo ya juu kabisa ya moyo yanayokadiriwa kuwa 175 kwa dakika, na mwendo wa wastani kwake ni kati ya mapigo 112 na 133. Hesabu hiyo ni ya kukadiria tu. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 10 na zaidi.

Vipindi vikali vina sura nyingi, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa kuwa jina moja linafunika mambo yasiyofanana kabisa. Ule mtindo wa sekunde 20 za nguvu na sekunde 10 za kupumzika, unaojulikana kwa jina la Izumi Tabata wa Japani, ulichunguzwa katika miaka ya 1990 kwa vijana wenye mazoezi tayari, kwa nguvu iliyozidi hata ile inayomfikisha mtu kwenye ukomo wa kutumia oksijeni. Si wa mtu mwenye kitambi anayeanza, nami ningependa wakufunzi waache kuuanzisha kwa watu wa namna hiyo. Mtindo wa Trondheim, Norwei, ni mpole zaidi: vipindi 4 vya dakika 4 kila kimoja, moyo ukipiga kwa asilimia 85 hadi 95 ya uwezo wake, na kati yake dakika 3 za mwendo mwepesi. Mtindo uliokuzwa na Martin Gibala na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ni wa dakika 1 ya nguvu na dakika 1 ya kupumua, mara 10.

Tuutazame mtindo wa Trondheim kwa karibu, kwa mtu huyohuyo wa kilo 86. Yuko chini ya barabara ya mteremko, saa kumi na mbili asubuhi, jua bado halijachoma. Anatembea dakika 10 hadi jasho la kwanza litokee kwenye paji la uso. Kisha anaanza kupanda kwa nguvu. Dakika ya kwanza inamdanganya: anaona kazi ni nyepesi, anaongeza kasi, na kufikia dakika ya tatu mapaja yameshakuwa mazito na pumzi haimtoshi kusema zaidi ya maneno mawili. Hilo ni kosa la karibu kila anayeanza. Kipindi kilichoendeshwa vizuri humwacha mtu akiwa amehema sana, lakini akijua kwamba angeweza kuongeza dakika moja kama angelazimishwa. Anageuka, anashuka taratibu kwa dakika 3, mapigo yanateremka kutoka 160 kuelekea 120, naye anapanda tena. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba hakukimbia hata mara moja. Kwa uzito wake, kutembea kwa nguvu kwenye mlima kunatosha kabisa kuufikisha moyo kwenye mapigo 150, na magoti yake hayakupokea vishindo vya kukimbia.

Yanayotokea ndani ya damu siku ileile

Kuna jambo linaloonekana kama kitendawili. Ile intaleukini-6 inayotolewa na mafuta ya tumbo na kulichochea ini, hutolewa pia na misuli inapofanya kazi, tena kwa wingi. Baada ya mbio ndefu kama za marathoni, kiwango chake katika damu kinaweza kupanda hadi takribani mara 100. Bente Klarlund Pedersen na wenzake wa Copenhagen, Denmaki, ndio walioeleza kwa kina kwa nini kupanda huku hakudhuru. Inapotoka kwenye misuli, intaleukini-6 hupanda haraka na kushuka ndani ya saa chache, wala haitanguliwi na TNF-alfa kama ilivyo katika maambukizi. Kinachoifuata ni kemikali zinazotuliza mcharuko, kama intaleukini-10. Tofauti ni sawa na ile ya jiko linalowashwa kupika na kuzimwa, na kaa linalofuka ndani ya gunia usiku kucha.

Mwaka 2003 kundi hilo lilitoa jaribio ambalo bado naliona ni mojawapo ya majaribio mazuri zaidi katika jambo hili. Wanaume wenye afya walidungwa kiasi kidogo cha sumu ya bakteria ili kuwasha mcharuko kwa makusudi. Walipodungwa wakiwa wamepumzika, TNF-alfa ilipanda. Walipodungwa baada ya kuendesha baiskeli kwa saa 3, kupanda huko kulizimwa. Mazoezi yenyewe, kabla hata kilo moja haijapungua, yaliutuliza mwili usiwake ovyo.

Sasa, njia ipi huwasha zaidi kemikali hii ya misuli? Mtu angetarajia jibu liwe vipindi vikali, lakini sivyo. Muda ambao misuli imefanya kazi ndio unaochangia zaidi kuliko ukali, ikifuatwa na ukubwa wa misuli iliyotumika na jinsi akiba yake ya sukari ilivyopungua. Kwa hiyo saa moja ya baiskeli kwa mwendo wa wastani haidharauliki hata kidogo mbele ya dakika 10 za kujibana. Vipindi vikali navyo vina lao: hupandisha adrenalini kwa kiasi kikubwa, na adrenalini nayo hutuliza utoaji wa TNF-alfa.

Upande wa chembe za kinga zenyewe, utafiti mmoja wa Kanada uliotolewa mwaka 2015 ulilinganisha njia hizi moja kwa moja kwa watu wasiofanya mazoezi na waliokuwa hatarini kupata kisukari cha aina ya 2. Walifanya vikao 10 kwa wiki 2 tu, kundi moja likifuata vipindi vya dakika 1 na jingine mwendo wa wastani. Chembe nyeupe za makundi yote mawili zilipunguza vipokezi viitwavyo TLR4, ambavyo ni kama milango inayopokea ishara ya kuwasha mcharuko. Njia zote mbili zilifika palepale.

Jambo moja lazima lisemwe kwa mtu anayependa kujibana. Mazoezi makali ambayo mwili haujayazoea, hasa ya kuruka na ya kuteremka mlima kwa kasi, huchana nyuzi ndogo za misuli, na CRP hupanda kwa siku moja au mbili wakati misuli inajikarabati. Huko ni kupona, si ugonjwa. Lakini mtu anayerudia kikao kikali kila siku, akiwa bado anaumwa mapaja ya juzi, hauachii mwili nafasi ya kuteremka, na anaweza kujikuta akiuongeza mcharuko aliokuwa anaukimbia. Vikao 3 kwa wiki, vikiwa na angalau siku moja ya kupumzika katikati, ndio mpaka ninaoutetea. Mwendo wa wastani hauna kikwazo hicho; mtu anaweza kutembea kwa haraka siku 6 mfululizo bila deni lolote.

Yanayotokea baada ya miezi

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, na ambapo matangazo ya jimu huwa mepesi kupita kiasi. Tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizi mbili kwa watu wenye uzito uliozidi zina washiriki makumi machache na hudumu wiki 6 hadi 16. Katika nyingi ya hizo, CRP, intaleukini-6 na TNF-alfa ama hushuka kwa kiasi kinachokaribiana katika makundi yote mawili, ama hazisogei vya kutosha kutambulika. Haziruhusu mtu kusema kwamba vipindi vikali vinazima mcharuko na kutembea hakuzimi.

Kinachojirudia ni uzito. Mwaka 2010 Timothy Church na wenzake wa Marekani walitoa utafiti uitwao INFLAME, uliowachukua watu 162 wasiofanya mazoezi na ambao CRP yao ilikuwa juu. Nusu walifanya mazoezi kwa miezi 4, nusu hawakufanya. Kwa ujumla mazoezi peke yake hayakuishusha CRP kuliko kutofanya. Waliopungua uzito ndio walioshuka. Uchambuzi mpana wa mwaka 2017, uliokusanya makumi ya tafiti, uliona kwamba mazoezi huishusha CRP, na kwamba inashuka zaidi pale uzito au mafuta ya mwili yanapopungua pia. Matokeo haya mawili yanaweza kukaa pamoja: zoezi lina athari yake ndogo, na kitambi kikipungua ndipo athari kubwa inapoonekana.

Basi njia ipi hupunguza kitambi? Hapa pana jibu la wazi zaidi. Uchambuzi wa Australia wa mwaka 2017, ulioangalia watu wenye uzito uliozidi na wanene, ulionyesha kwamba njia zote mbili hupunguza mafuta ya mwili na mzunguko wa kiuno kwa kiasi kisichotofautiana, isipokuwa vipindi vikali vilitumia muda pungufu kwa takribani asilimia 40. Kundi la Copenhagen nalo lilitoa mwaka 2019 jambo linalounganisha hadithi yote: watu wenye vitambi walioendesha baiskeli kwa wiki 12 walipunguza mafuta ya ndani ya tumbo, lakini wenzao waliofanya mazoezi yaleyale huku wakipewa dawa ya kuzuia intaleukini-6 hawakuyapunguza. Kemikali ya misuli ile tuliyoizungumzia ndiyo inayosaidia kuyeyusha mafuta yanayozalisha mcharuko.

Vipindi vikali vinapoongoza mara nyingi ni kwenye uwezo wa mwili kutumia oksijeni, ambao ni miongoni mwa vipimo vinavyotabiri vizuri urefu wa maisha. Huko Trondheim, mwaka 2008, watu wenye mkusanyiko wa kitambi, shinikizo la damu na sukari iliyopanda walifanya mazoezi mara 3 kwa wiki kwa wiki 16. Wa vipindi vya dakika 4 waliongeza uwezo huo kwa asilimia 35, na wa mwendo wa wastani kwa asilimia 16, ingawa uzito ulipungua sawasawa katika makundi yote mawili. Hata hivyo ushindi huo si wa kila mahali. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama, Birmingham, wa mwaka 2015, ulifanywa kwa wanaume vijana wenye uzito uliozidi pekee, kwa wiki 6. Kundi la wastani, lililofanya mazoezi mara 5 kwa wiki kwa muda mrefu, liliongeza uwezo wa oksijeni kuliko kundi la vipindi vikali lililofanya mara 3 kwa dakika chache. Mtu akifanya kidogo sana, hata kama ni kwa ukali, huvuna kidogo.

Muda, magoti na moyo

Kwa mwenye kazi ya saa nyingi na safari ya daladala au matatu asubuhi na jioni, muda si kisingizio cha uvivu. Mtindo wa Trondheim, pamoja na kupasha mwili na kuupoza, ni takribani dakika 40 kwa kikao, yaani saa 2 kwa wiki. Ule wa dakika 1 mara 10 ni kama dakika 25. Mfupi kuliko yote ni ule ambao McMaster waliujaribu kwa wanaume wasiofanya mazoezi na kutoa matokeo mwaka 2016: milipuko 3 ya sekunde 20 kwa nguvu zote kwenye baiskeli, ndani ya kikao cha dakika 10, mara 3 kwa wiki. Baada ya wiki 12 wanaume hao waliboresha kazi ya insulini na uwezo wa oksijeni kwa kiasi kilekile na wenzao waliofanya dakika 50 za wastani kwa kikao. Mwendo wa wastani, kwa kufuata pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2020, ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki, wakati mazoezi makali ni dakika 75 hadi 150.

Magoti ni suala jingine. Mtu anapokimbia, kila hatua hurudisha mguuni nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wake. Kwa mwenye kilo 110, vipindi vikali vya kukimbia kwenye lami na kuruka ruka ni njia ya haraka ya kuishia kitandani na barafu gotini, na mazoezi yakikatika mwezi mzima, faida yote hupotea. Mtu wa namna hiyo akitaka vipindi vikali, avifanye kwenye baiskeli, ndani ya maji, au kwa kupanda mlima na kurudi chini taratibu.

Kuhusu moyo, hofu ipo na ina sababu, lakini isitiwe chumvi. Nchini Norwei walihesabu matukio katika vituo 3 vya kuwarekebisha wagonjwa wa moyo, na matokeo yakatolewa mwaka 2012: katika saa 129,456 za mazoezi ya wastani moyo ulisimama mara 1, na mgonjwa akafariki; katika saa 46,364 za vipindi vikali ulisimama mara 2, na wote wawili wakapona. Hatari ni ndogo kwa njia zote, lakini hao walikuwa wamepimwa kwanza na walikuwa chini ya macho ya wataalamu. Mwanamume ambaye hajawahi kupimwa shinikizo la damu, anayebanwa na kifua akipanda ngazi, au mwenye kisukari cha miaka mingi, hapaswi kuanza vipindi vikali kabla ya kuonana na daktari. Anayetumia dawa za shinikizo zinazopunguza mapigo ya moyo ajue pia kwamba hesabu ya 220 haimfai. Apime ukali kwa pumzi, si kwa saa ya mkononi. Na katika ukanda wetu ambako watu wengi wamerithi kinasaba kimoja cha selimundu bila kuugua, inafaa kujua kwamba milipuko ya nguvu zote kwenye joto kali bila maji imewahi kuwaangusha wanamichezo na wanajeshi wenye kinasaba hicho. Wengi wao hufanya mazoezi salama maisha yao yote. Kinachotakiwa ni kupanda ngazi ya ukali polepole, kunywa maji na kupumzika vya kutosha kati ya vipindi. Yeyote anayepata mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya zoezi kali aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa misuli iliyovunjika inaweza kuziba figo.

Nani achukue ipi

Mtu ambaye hajafanya zoezi lolote kwa miaka, mwenye mzunguko wa kiuno uliopita sentimita 102, ningemwambia aanze na mwendo wa wastani kwa wiki 8 bila kutamani kitu kingine. Dakika 20 kila siku, kisha 30, kisha 45. Si kwa sababu ni dhaifu. Moyo hubadilika ndani ya wiki chache, lakini kano na gegedu huchukua miezi, na tofauti hiyo ndiyo huwaumiza walio na haraka. Mfungaji wa Ramadhani naye, hata akiwa mzoefu, atapata faida kubwa na usumbufu mdogo kwa kutembea kwa haraka baada ya futari kuliko kujibana mchana bila maji.

Mwenye kiuno cha sentimita 94 hadi 102, ambaye tayari hutembea nusu saa bila kuhema, ambaye shinikizo lake limepimwa na liko sawa, na ambaye kikwazo chake cha kweli ni muda, huyo vipindi vikali vinamfaa, na ningemshauri mtindo wa dakika 4 kuliko ile milipuko ya sekunde 20. Nasema hivyo kwa sababu milipuko ile ilifanywa maabara, kwenye baiskeli maalumu, mtafiti akiwa pembeni akihimiza. Mtu akiwa peke yake barabarani ni vigumu kujibana kiasi hicho, na sekunde 20 za nguvu nusu nusu mara 3 ni zoezi dogo mno. Dakika 4 za kupanda mlima zinasamehe: hata ukizifanya kwa pungufu kidogo, bado umefanya kazi ya maana.

Kwa wengi waliobaki naona mchanganyiko ndio wenye busara: vikao 2 vya vipindi vikali, na siku 3 za mwendo wa wastani ambazo moja yake ni ndefu, ya saa moja au zaidi, kwa ajili ya ile kazi ya misuli inayohitaji muda. Na upande wa sahani haukwepeki. Dakika 40 za vipindi vikali huunguza nguvu ambayo chapati mbili na soda moja huirudisha, na mcharuko, kama tulivyoona, unafuata kiuno.

Kupima kama imefanya kazi

Kiuno ndicho kipimo cha kwanza, nacho hakihitaji maabara. Chukua futi ya fundi cherehani, pima katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, mwisho wa pumzi ya kawaida, asubuhi kabla ya kula, na urudie kila baada ya wiki 2. CRP ipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya wiki 12, si kabla ya hapo. Damu itolewe angalau siku 3 baada ya kikao kikali cha mwisho, na isitolewe wakati wa mafua, malaria, jino linalouma au jeraha. Ikionekana juu ya 10, mara nyingi kuna maambukizi au jambo jingine la ghafla. Hutibiwa kwanza, na kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa.

Na ikiwa wiki 12 zimepita, kiuno kimepungua sentimita kadhaa, pumzi imekuwa ndefu, lakini CRP haijasogea, mtu asiongeze ukali wa mazoezi kwa hasira. Amwombe daktari aangalie fizi zinazotoka damu wakati wa kupiga mswaki, sigara, usingizi wa kukoroma unaokatikakatika kila usiku, viungo vinavyokakamaa asubuhi, na maambukizi ya muda mrefu yasiyo na homa. Moto unaofuka katika mojawapo ya hayo hauzimwi kwa kupanda mlima.